Nguo za Asili za Mgeni Twahir

Hafiz alipoingia kwenye kibanda cha Mgeni pale Ngara, amebeba jora la kitambaa cha madoa ya chui begani, Mgeni hakuinua kichwa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zilikuwa zimemfika shingoni.

"Da Mgeni, weka hizo kando kidogo," Hafiz alisema. "Hizi ni za ujumbe wetu. Kaptura na vizibao kwa wanaume, na kina mama uwashonee kitu cha kufunga begani. Watavaa siku ya kikao na kamati."

"Ujumbe gani?"

"Wazee wetu wanaokuja kutoka nyumbani. Ni nguo za asili za Wasanye."

Mgeni aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Akakishika kitambaa. Kilikuwa chepesi, kinateleza, kinang'aa kama karatasi ya peremende.

"Hafiz, wewe ulimwona babu yetu amevaa chui lini?"

"Ni za picha tu, dada yangu."

"Babu alivaa kikoi. Siku ya Ijumaa alivaa kanzu. Hata akimpata huyo chui, alikuwa anauza ngozi, haivai."

Hafiz alicheka, lakini jora aliliacha pale pale juu ya meza.

Mgeni Twahir alizaliwa Kirosa, kijiji kidogo cha Wasanye huko bara ya Malindi. Wasanye, ambao baadhi yao hupendelea kuitwa Waata, waliishi kwa kuwinda na kurina asali mpaka uwindaji ukapigwa marufuku na pori likawekewa mipaka. Wakabaki kulima kwa kibarua kwenye mashamba ya majirani, na majirani wakawaita watu wao, kama mtu anavyosema mbuzi wangu au jembe langu. Mgeni alijifunza kushona kwa bibi mmoja wa Malindi, na huko ndiko Fahim alikomkuta. Fahim ni Mswahili wa Lamu, mwalimu wa madrasa mwenye kiduka cha vitabu vya dini na manukato katikati ya jiji. Alimwoa, akamleta Nairobi, wakapanga nyumba Kangemi.

Mama yake Fahim, Bi Mahira, hakuipinga ile ndoa. Alichofanya ni kuwaambia watu harusini kwamba bibi harusi ni Mbajuni wa visiwa vya mbali. Hakuna aliyeuliza kisiwa gani. Mgeni, aliyekuwa amefunikwa ushungi na ana haya, hakusema kitu, na kwa kuwa hakusema siku ile, ikawa vigumu kusema kesho yake, na mwaka uliofuata, na miaka yote iliyopita tangu hapo. Sasa Bi Mahira alikuwa akiishi nao Kangemi kwa sababu ya sukari na miguu, na kila alipopata wageni wa Kipwani aliwaambia vile vile: mkwe wangu, Mbajuni.

Hafiz alikuwa binamu yake Mgeni. Alikuwa na shahada na ofisi ya kuazima, na kwa muda mrefu alikuwa akihangaikia jambo moja: jina la Wasanye liandikwe katika Katiba, kwa herufi zake, lisiachwe ndani ya lile fungu la jamii zilizotengwa. Kamati moja ilikuwa inapokea maoni ya wananchi juu ya marekebisho, na Hafiz alikuwa amepata nafasi ya kuleta ujumbe.

Aliyempinga zaidi alikuwa wa damu yake. Abeer, binti wa marehemu dada yake Mgeni, alikuwa muuguzi katika zahanati moja hapo Kangemi. Kila Jumapili wote wawili walikuja kula kwa Mgeni, na kila Jumapili sinia la wali likageuka bunge.

"Katiba tuliyonayo inatutaja tayari," Abeer alisema Jumapili moja. "Jamii za wawindaji, watu waliotengwa, serikali iwape elimu, maji, afya. Maneno mazuri kabisa. Haya, nionyeshe hayo maji yako wapi Kirosa."

"Ndiyo maana nataka jina! Ukisema jamii zilizotengwa, kila mtu anajitia humo. Wenye sauti wanachukua, sisi tunabaki na aya."

"Na ukiandikwa jina, utakunywa jina?"

"Abeer, wewe unafikiri kwa sindano na vidonge."

"Na wewe unafikiri kwa mikutano."

Mgeni aligonga mwiko kwenye sufuria. "Kuleni! Wali unapoa. Kila wiki ni hayo hayo kwa hayo hayo. Mtaniua kwa presha."

Fahim aliendelea kula. Bi Mahira, kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango, akasema bila kumtazama mtu, "Na msipige makelele. Kuta za hapa ni nyembamba."

Mgeni alizishona zile nguo. Hilo ndilo lililomkera baadaye kuliko yote, kwamba alizishona kwa mkono wake. Hafiz alimwambia wazee wameshakatiwa tiketi za basi, wafadhili wameshaahidiwa, hakuna muda wa kubadilisha. Jirani yake wa kibanda, Waceke, mama wa Mutuini aliyekuwa akiuza nyuzi na vifungo, alikuja kusimama pale akitazama madoa ya chui yakipita chini ya sindano.

"Wee Mgeni, hii ni ya drama ya shule?"

"Ni ya kwenda kuomba tutambuliwe kwenye Katiba."

"Mtambuliwe na nani?" Waceke alishangaa. "Si wewe ni Mswahili?"

Mgeni alikata uzi kwa meno. Hapo Ngara hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo waziwazi. "Mimi ni Msanye," alisema. Maneno yalitoka makavu, kama ya mtu mwingine.

Waceke alifikiri kidogo. "Sawa. Lakini nikuambie ukweli, usikasirike. Maskini ni wengi. Enda Kangemi uone, kila kabila iko hapo na hakuna mtu ako na kitu. Sasa kila mtu akisema aandikwe jina yake kwa Katiba, hiyo kitabu itatoshea wapi?"

Waceke hakuwa mbaya, na swali lake halikuwa la kijinga. Mgeni aliinamia cherehani akiwa na hasira asiyojua aielekeze wapi.

Kitu kimoja alikataa. Hafiz alitaka kaptura ziwe fupi, juu ya magoti. Mgeni aliziteremsha mpaka chini ya magoti.

"Zitaonekana kama suruali za kulalia," Hafiz alilalamika.

"Mzee Badiva ndiye mwadhini wa Kirosa. Unataka asimame mbele za watu magoti wazi? Humwogopi hata Mungu?"

Siku ya kikao walikutana kwenye ukumbi wa hoteli moja katikati ya jiji. Wazee walikuwa wamefika jana yake, wamechoka kwa safari, wamelala kwenye chumba cha wageni cha msikiti. Mzee Badiva, mdogo wa baba yake Mgeni, alikuwa ameshikilia kofia yake ya vito iliyodariziwa kifuani kwa sababu Hafiz alimwomba asiivae. Kichwani alikuwa amevishwa kamba yenye manyoya ya kuku. Kizibao cha chui kilimkaa vizuri, kwa maana fundi alikuwa mzuri, na kule kumkaa vizuri kulimwumiza Mgeni zaidi.

"Baba mdogo, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu." Akavuta kaptura chini. "Hafiz anasema wakubwa hawa hawatusikii mpaka watuone."

Walisubiri asubuhi nzima. Jamii nyingine ziliingia na kutoka. Wakati wa kusubiri, Wasanye walianza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Mzee mmoja alisema yeye hakuja Nairobi kuandikwa Msanye, jina lao la haki ni Waata, na Wasanye ni jina walilopewa na wengine. Mama mmoja akamwambia babu zake wote wamezikwa wakiitwa Wasanye, atawafufua awabadilishe? Hafiz alikuwa akikimbia huku na huku akisema, "Jamani, jamani, Wasanye, alama ya mkwaju, Waata, tutaweka yote mawili." Abeer, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini ili asikilize, aliegemea ukuta akafumba macho.

Walipoitwa hatimaye, mwenyekiti wa kamati, bwana mtaratibu mwenye sauti ya kuchoka, aliwakaribisha akasema muda umekwenda sana, lakini wenzake wangefurahi kuona kidogo utamaduni wao. Ngoma ikapigwa. Wazee wakacheza. Walikuwa wakiimba wimbo wa kurina asali, wimbo mzuri ambao Mgeni alikuwa hajausikia tangu utotoni, lakini Hafiz alikuwa amewapa mikuki ya mbao na kuwaambia wairushe-rushe juu, na wimbo wa asali hauna mkuki. Wajumbe wa kamati waliinuka na simu zao, na kamera ya televisheni ikasogea. Mmoja alisogea karibu na Mzee Badiva, akamwekea mkono begani, akajipiga picha. Mzee Badiva alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Kisha mwenyekiti akasema, "Ahsanteni sana. Tumepokea maoni yenu."

"Bado hatujasema," Hafiz alisema.

"Andikeni, mtuletee. Tuna jamii nyingine zinasubiri."

Hapo ndipo Mgeni alipoinuka. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma na buibui lake, amekuja kuangalia kama mishono itashika. Baadaye alisema hakumbuki alifikaje kwenye kipaza sauti.

"Mmepokea maoni gani?" aliuliza. "Mmepokea mikuki."

"Mama, tafadhali..."

"Naitwa Mgeni Twahir. Mimi ni Msanye, nimezaliwa Kirosa. Hizi nguo mnazopiga picha nimezishona mimi, Ngara, kwa kitambaa cha dukani. Hakuna Msanye aliyewahi kuvaa hivi. Huyu ni baba yangu mdogo, ni mwadhini." Akamgeukia Mzee Badiva, na sauti ikampanda. "Vua, baba! Vueni, nyote! Hamna haya? Mmetoka mbali kote huko kuja kuchekesha watu?"

Mzee Badiva alitazama sakafu. Mgeni aliona macho yake yakijaa, akajua amekosea, lakini hakuweza kuishia katikati.

"Watu wangu hawa wanabishana kila wiki nyumbani kwangu," alisema. "Mmoja anasema jina kwanza, mwingine zahanati kwanza. Nimechoka kuwasikiliza. Ardhi yetu ilipogawanywa, maafisa waliuliza, hawa ni kabila gani? Jina letu hawakuwa nalo. Wakatuambia tujiandikishe chini ya majirani. Waliokubali wakawa wapangaji kwenye makaburi ya babu zao. Waliokataa hawakupata kitu. Zahanati ilipokuja ikajengwa kwenye ardhi yenye mwenyewe, mbali na sisi, ng'ambo ya mto. Dada yangu alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Walimbeba kwa kitanda. Mto ulikuwa umejaa. Wakakaa naye ukingoni." Akamnyooshea Abeer kidole. "Binti yake alikuwa pale, ameona. Yule pale, ni muuguzi sasa. Basi mniambie nyinyi, dada yangu alikufa kwa kukosa jina au alikufa kwa kukosa zahanati?"

Mwenyekiti aliivua miwani. "Mama Mgeni, pole sana. Tumesikia. Tumeandika." Alisema hivyo kwa upole, na Mgeni aliona kwamba anamaanisha, na aliona vile vile kwamba msaidizi wake alikuwa tayari amesimama mlangoni akiwaita wanaofuata.

Nje, kwenye ngazi, Hafiz alimkimbilia. "Umeniua, da Mgeni. Umeniua mbele ya wafadhili. Umesema tunadanganya!"

"Si tulikuwa tunadanganya?"

"Nguo tu! Nguo tu ndizo za uongo! Mengine yote ni kweli, na sasa watakumbuka nguo!"

Abeer alikuwa amesimama kando, mikono amejikumbatia. Mgeni alitarajia ashukuriwe, walau na yeye. Abeer alisema, "Mama mdogo, ungeniuliza kwanza. Yule ni mama yangu." Akashuka ngazi, akaenda zake kazini.

Mgeni alibaki na Mzee Badiva. Alipiga magoti pale pale kwenye ngazi za hoteli, watu wakipita na mabegi yao, akamshika mikono.

"Nisamehe, baba mdogo. Nimekuvunjia heshima."

Mzee alikuwa ameshavaa kofia yake. "Umesema kweli," alisema polepole. "Lakini ungesema kweli hiyo jana, msikitini, tukiwa peke yetu. Ningevaa kanzu." Hakumwambia amemsamehe. Alimwomba amtafutie mahali pa kuswali adhuhuri, na Mgeni akampeleka.

Habari za jioni zilionyesha kipande kifupi. Hawakuonyesha ardhi wala mto. Walionyesha Mgeni akisema "mimi ni Msanye", kisha akipiga kelele "vueni", kisha wazee wenye manyoya ya kuku. Kangemi nzima iliona. Bi Mahira aliona akiwa kwenye kiti chake, kikombe cha chai mkononi.

"Fahim," alisema, "mkeo yuko kwenye televisheni."

Fahim alimtazama mkewe. "Ilikuwa lazima, Mgeni? Mbele ya dunia nzima?"

"Wewe ungenichagulia mbele ya nani?"

"Mimi sijawahi kukuonea haya."

"Hujawahi kunitaja pia, Mwalimu."

Fahim alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akikamatwa huumia zaidi. Kwa siku kadhaa alitembea nyumbani kama mtu aliyepoteza funguo. Bi Mahira naye akasusa. Alikula peke yake, akajifunga vilemba mwenyewe, ingawa mikono haikufika vizuri.

Kilichovunja hali hiyo kilitokea msikitini, kwenye darasa la kina mama la Alhamisi. Mgeni alikuwa amempeleka mama mkwe wake kwa sababu hakuna mwingine wa kumpeleka, wakakaa kwenye mkeka bila kusemezana. Mwanamke mmoja wa Mombasa, mpenda maneno, akainamia upande wa Bi Mahira.

"Kumbe mkweo ni Msanye, Bi Mahira! Na wewe ukatuambia Mbajuni. Wala-nyamapori, masikini."

Mgeni alishika ushungi wake tayari kuondoka. Bi Mahira alikohoa.

"Ndiyo, Msanye," alisema, kwa sauti iliyofika mkeka wa mwisho. "Ndiye anayeniosha miguu. Anayenichoma sindano ya sukari ni yeye. Wako, yule wa ukoo mkubwa, amekuosha nini?"

Mtu mmoja akaguna kicheko, na mwalimu akaomba watu warudi kwenye aya. Njiani kurudi, Mgeni alitaka kumshukuru, lakini Bi Mahira alimwahi.

"Usiniambie kitu. Umenitia fedheha, na uzee huu, nikagombane msikitini. Uongo wangu ulikuwa umetulia miaka yote hiyo." Akapumua. "Shika mkono, barabara mbaya hii."

Ripoti ya kamati ilitoka baada ya mvua za masika. Wasanye hawakutajwa, wala Waata. Yalikuwa yale yale maneno ya jamii ndogo za wawindaji na warinaji, na pendekezo kwamba mashauriano yaendelee. Hafiz aliisoma kwa sauti kwenye kundi lao la WhatsApp, na kabla hajamaliza watu walikuwa wameanza tena kuzozana kuhusu jina, ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti. Kaunti nayo ilipeleka Kirosa kontena lililopakwa rangi nyeupe, likaandikwa zahanati. Liliwekwa juani, likafungwa kufuli, muuguzi hakupelekwa. Mzee Badiva alipiga simu kusema mbuzi wamepata kivuli.

Abeer aliposikia hayo alimfuata Mgeni kibandani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya ngazi. Hakusema habari za mama yake. Alisema, "Wanasema hawana pa kumwajiri muuguzi kwa sababu kiwanja si cha zahanati, hakina hati. Nimewapigia wote. Hakina hati kwa sababu Kirosa haipo kwenye ramani ya mgao wa ardhi."

"Nilisema nini mimi?" Mgeni aliuliza.

"Ulisema kwa kupiga kelele. Sikusikia vizuri." Abeer akakaa kwenye kigoda. "Mpigie Hafiz."

Hafiz alikuja amenuna. Kikao kingine cha mashauriano kilikuwa kimetangazwa, na safari hii Wasanye wa Nairobi walikuwa wamemchagua Mgeni awe msemaji, wakati yeye mwenyewe alikuwa Kangemi akipika, bila hata kumwuliza. Alikataa mara tatu, wakampigia makofi. Kwa hiyo ilibidi yale watakayosema yaandaliwe, na hakukuwa na mtu wa kuyaandaa isipokuwa Hafiz na Abeer.

Walikaa kwenye kigoda na kwenye gunia la vitambaa, magoti yao yakigusana, wakianza na sentensi ya kwanza.

"Tuanze na hati ya kiwanja," Abeer alisema.

"Tuanze na sisi ni nani. Huwezi kudai kiwanja kabla hujasema ni cha nani."

"Hafiz, wakifika kwenye kiwanja watakuwa wameshalala!"

"Na ukianza na kiwanja watakuuliza, nyinyi kina nani!"

Mteja alikuwa amesimama mlangoni na suruali ya kupunguzwa, anatafuta pa kupita. Waceke alikuwa amechungulia kutoka kibanda chake, anacheka. Mgeni aliwatazama wale ndugu zake wawili, mmoja mwenye shahada, mwingine mwenye saa ya uuguzi inaning'inia kifuani, wamekunja nyuso pamoja kama walivyofanya tangu utoto.

"Tokeni nje," alisema. "Nendeni mkabishane kule kwenye benchi la Waceke. Mkikubaliana sentensi moja, moja tu, mniletee niijue. Mimi nina kazi."

Walitoka wakiendelea kubishana. Mgeni akapokea suruali ya mteja, akaigeuza ndani nje, akatafuta mshono.